Chupa Nyuma ya Kioo

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Aliyeusema msemo huo hakumjua Wembe, lakini angemjua angeusema vilevile. Bwana huyu alishika kazi ya kunyoa watu kabla ndevu zake mwenyewe hazijaota, wakamwita Wembe mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika, na katika miaka yote hiyo hakujinyoa kichwa hata siku moja. Alinyolewa na mkewe. Jumapili jioni, duka likiwa limefungwa, mkewe alimkalisha kwenye kiti kile kile cha wateja, akamfunga kitambaa shingoni, akamnyoa huku akimpa habari za mtaa mzima, za kweli na za kutiwa chumvi.

Kwa hiyo siku alipoingia kwenye chumba cha mashine pale hospitali kubwa, nywele zimemtimka kama majani ya uwanja wa watu waliohama, yeyote aliyemfahamu angejua bila kuambiwa kwamba mke hayupo nyumbani.

Tusizunguke mbuyu: ilikuwa pombe. Mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea, na jioni moja akabanwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Duka la dawa lilikuwa pale kwenye kona, mtu angekwenda na kurudi kabla birika halijachemka, na aliyetumwa ni Wembe. Birika lilichemka mpaka likakauka. Wembe alirudi asubuhi, ana kiatu kimoja, dawa hana. Aliyemwokoa yule mama ni jirani. Mama alipona, ndoa ndiyo iliyougua.

Mkewe hakupiga kelele. Alifunga nguo zake, akamshika mama yake mkono, akaenda kwa kaka yake. Mlangoni aligeuka.

"Wewe ukitumwa hurudi," alisema.

Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, Wembe hakuweza kugusa kitasa cha mlango bila kuulizwa, "Unakwenda wapi?" Aliulizwa hata akienda chooni. Wateja walimcheka, naye alilichukia swali lile kama mtoto anavyochukia dawa chungu. Baada ya mkewe kuondoka, akawa anatoka na kuingia apendavyo, hakuna wa kumuuliza, na siku nyingine alisimama mlangoni amelishika kufuli mkononi, akingoja sauti ambayo haikuwepo.

Alimfuata mkewe mara nyingi. Aliyempokea kila mara ni shemeji yake, mwashi mmoja mwenye mikono mizito na maneno machache.

"Viapo vyako vimeijaza nyumba hii, hatuna hata pa kukaa," shemeji alimwambia. "Nimesikia hospitali wana mashine inayoona hamu ya mtu kichwani. Nenda ukakae kwenye hiyo. Siku dada yangu atakapoona kwa macho yake, atarudi. Ulimi wako siutaki tena."

Wembe akaenda. Tumpe haki yake: alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na kuanzia siku aliyojiandikisha hakuonja hata tone.

Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Dirisha lilikuwa limepakwa rangi nyeupe, kulikuwa na kiti kimoja cha kuegemea, skrini moja, na kofia ya mpira yenye nyaya nyingi kama mizizi. Aliyekiongoza ni mwanamke kijana ambaye wagonjwa wote walimwita Mtaalamu. Angeweza kuwa binti yake. Alimgawa nywele kwa ncha ya kidole, kifungu kwa kifungu, akitafuta ngozi ya kichwa ili apake jeli ya baridi chini ya kila waya.

"Mzee, nywele hizi zinanipa kazi," alisema.

"Mwenye kuzinyoa amesafiri," Wembe akajibu.

Mtaalamu hakuuliza zaidi. Alimweleza kwamba mashine ile haimfanyi mtu chochote, haimtii umeme, haimsomi mawazo. Ni kama kipimajoto tu. Kwenye skrini itatokea picha ya glasi inayomiminiwa, na sauti yake, na kando ya picha utakuwepo mstari. Hamu ikipanda kichwani, mstari utapanda na kuwa mwekundu. Kazi ya Wembe ni kuushusha mpaka uwe kijani.

"Naushushaje?"

"Hapo ndipo penye kazi, mzee. Siwezi kukwambia. Kila mtu ana njia yake, na ubongo ukishaijua njia, unaizoea. Kuna anayehesabu kinyumenyume, kuna anayejiona yuko mtoni. Wewe tafuta yako. Sitakuuliza ni ipi mpaka mwenyewe upende kusema."

Glasi ikamiminiwa. Wembe alisikia mate yakimjaa kinywani kwa aibu, mbele ya binti mdogo, na mstari ukapanda kama jogoo juu ya paa. Alijaribu kuhesabu kinyumenyume. Kumbe kuhesabu hata kwa kawaida kulikuwa kunampa tabu. Alijaribu mto, mto ukawa na rangi ya pombe. Mwishowe akafanya kile ambacho mume yeyote mwenye haya angekifanya: alimfikiria mkewe.

Mstari ukapanda mpaka ukagusa ukingo wa skrini.

Hilo lilimuumiza kuliko yote. Alirudi siku nyingine na nyingine, na kila alipomleta mkewe kichwani, mkewe alikuja na birika lililokauka, na mama mkwe anayehema, na kile kiatu kimoja. Aibu ilikuja kwanza, na nyuma ya aibu ikaja kiu, maana hao wawili walikuwa wamezoea kutembea pamoja tangu zamani. Mtaalamu alimfariji kwamba wengi huanza hivyo. Wembe alitikisa kichwa na nyaya zake, lakini moyoni alijiona mtu wa ovyo kabisa, mtu ambaye hata mkewe anamtia kiu.

Baada ya siku moja ya namna hiyo alitoka hospitali akapita dukani, si duka la dawa, akanunua chupa ndogo ya pombe kali. Alikwenda nayo kwenye duka lake la kunyolea, akafunga mlango kwa ndani, akaketi kwenye kiti cha wateja akitazamana na sura yake. Alikuwa ameshika kizibo hasa, hajakizungusha, pale mlango ulipogongwa. Mwalimu mmoja alikuwa akisafiri jioni ile kwenda kuposa, na ndevu zake, alisema, zingemfukuzisha. Wembe akaangaza huku na huku. Kioo kikubwa cha duka kilining'inia kwa misumari miwili, kimeinama mbele kidogo, na nyuma yake palikuwa na uwazi na kibao cha mbao kilichosahauliwa na fundi. Akaiweka chupa pale. Akafungua mlango, akamnyoa mwalimu, na mkono wake, ambao kwa majuma ulikuwa ukitetemeka mpaka akawa hagusi wembe, anatumia mashine ya kunyolea tu, siku hiyo ulitulia kama wa zamani. Mwalimu alipoondoka, Wembe akagundua kwamba hana haraka ya kunywa. Ipo, alijiambia. Kesho pia itakuwepo. Akafunga duka akaenda kulala.

Glasi ilipomiminiwa tena pale hospitalini, mstari ulianza kupanda kama kawaida yake, naye akakumbuka: ipo nyuma ya kioo. Haijafunguliwa. Nikitaka naipata.

Mstari ukasita. Kisha ukashuka, taratibu, bila kuyumba, ukawa kijani, ukalala.

Mtaalamu alipiga makofi kama mtoto. "Mzee! Umefanyaje?"

Wembe alianza kujivua kofia, naye Mtaalamu, kwa adabu ya kazi yake, hakurudia swali.

Unaweza kumcheka, lakini ngoja kwanza. Njaa ya mwenye chakula jikoni si njaa ya asiye na kitu. Wa kwanza anaweza kukaa akapiga soga mpaka saa ya kula, wa pili anatoka jasho. Hamu ya Wembe haikuwa imekufa. Ilikuwa imeahidiwa, basi ikatulia. Na mashine ile, maskini, ilikuwa kipimajoto kweli: iliona kwamba hamu imelala, na hilo halikuwa uongo. Haikuwa na namna ya kujua imelalia mto gani.

Cha ajabu ni kwamba hakuinywa. Kila asubuhi alipofungua duka alipitisha vidole nyuma ya kioo, akagusa shingo ya chupa, akaanza kazi. Mkono ulirudi. Wateja walirudi. Akinyoa, alitazama sura ya mteja kwenye kioo, na nyuma ya sura ile, hatua isiyofika, alijua kuna kitu chake. Miezi ikapita hivyo. Ilifika mahali akaanza kujiuliza, kosa liko wapi? Mlevi ni mtu anayekunywa, na yeye hanywi. Kama dawa yake ni chupa iliyofungwa, si afadhali kuliko iliyofunguliwa?

Lakini kuna siku aliitoa ili aimwage. Alisimama nayo kwenye sinki la kuoshea vichwa, akashika kizibo, na mwili mzima ukamtoka jasho, akasikia sauti ya glasi ya kwenye skrini masikioni mwake. Akairudisha mahali pake upesi, kama mtu aliyetaka kumtupa mtoto kisimani akashtuka. Siku hiyo alijua anachokijua. Akajitahidi kutokukijua.

Nafasi ya kusema aliipata. Siku moja Mtaalamu alikuwa akimfuta jeli kichwani kwa taulo la uvuguvugu, akamwambia, "Mzee, wewe ndiye uliyefanya vizuri kuliko wote niliowahi kuwashughulikia. Kama hutajali, niambie njia yako. Labda itamsaidia mwingine."

Wembe alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi: binti, nina chupa. Binti huyu asingemgombeza; angekaa kitako, angesema haya tuanze upya. Lakini kuanza upya maana yake mstari mwekundu, na mstari mwekundu maana yake nyumba tupu, na yeye alikuwa amechoka kukaa na kufuli mkononi.

"Namfikiria mke wangu," alisema.

Macho ya Mtaalamu yalilowa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuna anayekwambia jinsi ilivyo nyororo.

Siku ya mkewe kuja, shemeji alikuja naye, amevaa shati la kutokea, amekunja mikono kifuani. Mkewe aliketi pembeni ya skrini, mkoba mapajani, hamtazami mumewe. Glasi ikamiminiwa. Mstari ukapanda, mkewe akaushika mkoba kwa nguvu. Wembe akafumba macho, akapitisha vidole vya mawazo nyuma ya kioo, akagusa shingo ya chupa. Alipofumbua, mstari ulikuwa kijani, umelala chini kabisa, na mkewe alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Mashine inaonyesha, haitoi hakikisho," Mtaalamu aliwaambia, kwa haki kabisa. "Safari bado, na aendelee kuja. Lakini ngoja nikwambie jambo, mama. Nilimuuliza anafikiri nini mstari unaposhuka. Anakufikiria wewe."

Mke yule ambaye hakulia siku anaondoka, alilia pale, kwa sauti, bila kujali. Shemeji alikohoa akatazama dirisha lililopakwa rangi.

"Mwenye kovu usidhani kapoa," alisema kwenye korido.

"Kaka, si umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

"Basi."

Mkewe akarudi nyumbani jioni ile ile. Jambo la kwanza alilofanya ni kumketisha mumewe kitini na kumpunguza lile pori la kichwani, akicheka na kulia. Na Wembe alifurahi, tusimnyime hata hilo. Alifurahi kusikia vyombo vikigongana jikoni, alifurahi kuulizwa anakwenda wapi. Kwa majuma kadhaa aliulizwa bado, maana mazoea yana tabu. Kisha swali likaanza kupungua makali, likawa linaulizwa kwa mdomo tu, jicho liko kwenye kazi. Mkewe alikuwa akijifunza kumwamini, polepole, kama mtu anayejifunza kutembea baada ya kuvunjika mguu. Wembe aliliona hilo. Kila siku aliliona, na kila asubuhi aligusa nyuma ya kioo.

Jumapili moja mkewe alimtangulia dukani. Wembe alipofika jioni alikuta sakafu imepigwa deki, mashine za kunyolea zimepangwa, taulo zimefuliwa, na kioo kinang'aa kama maji. Kioo chenyewe kilikuwa kimenyooka. Hakikuinama mbele tena. Kililala ukutani, sawasawa.

"Kaa," mkewe alisema, amekwisha kunja mikono ya gauni.

Akakaa. Kitambaa kikafungwa shingoni. Povu la sabuni likapakwa, wembe ukaanza kupita kutoka utosini kuja kisogoni. Mkewe akaanza habari za mtaa: nani kagombana na nani, nani kahama bila kuaga. Wembe alikitazama kioo.

"Umekitoa kioo?" aliuliza.

"Nilikitoa nikisafishe. Nyuma kulikuwa na vumbi la miaka. Nimeng'oa na kile kibao, ndicho kilichokuwa kinakiinamisha." Akapitisha wembe tena, akaufuta kwenye kitambaa. "Na ujue nimekuta nini humo. Chupa yako ya zamani."

Mikono ya Wembe ilikuwa chini ya kitambaa. Hapakuwa na wa kuiona.

"Haijafunguliwa hata," mkewe aliendelea, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani yake. "Uliificha ukaisahau, eti? Zamani ningeikuta hiyo, mume wangu, mtaa mzima ungejaa hapa. Leo hata moyo haukunishtuka. Nikajiambia, huyu mtu nimemwona mstari wake kwa macho yangu. Nikaifungua nikaimwaga kwenye sinki, nikaendelea na deki yangu. Tulia, nisije nikakukata."

"Nimetulia."

"Unatetemeka."

"Maji ya baridi."

Mkewe alimwekea kiganja cha joto juu ya kichwa, upande uliokwisha kunyolewa, pale pale ambapo Mtaalamu hupaka jeli. "Humu ndimo unamoniweka," alisema taratibu, kama mtu anayesema na mtoto tumboni. Hakuwahi kumwambia neno tamu kama lile tangu waoane.

Wembe alifumba macho, akamtafuta. Wallahi alimtafuta, kwa nguvu zake zote. Alimleta mkewe kama alivyo sasa, mikono imelowa, anacheka. Na mkewe akaja, na birika likaja nyuma yake. Akapitisha vidole vya mawazo nyuma ya kioo: ukuta. Akapitisha tena: ukuta. Hakuhitaji skrini kuujua mstari ulipo. Aliusikia ukipanda kutoka tumboni, ukamjaza mate kinywani, ukapita kichwa, na hakukuwa na kitu chochote duniani cha kuuambia ulale.

Mwambie, alijiambia. Fungua kinywa useme: mke wangu, nishike, usiniache nitoke hapa. Alifumbua macho akamwona kwenye kioo, ameinama nyuma ya sikio lake, ulimi umetokeza kidogo kwa umakini, na uso wake una utulivu ambao hajauona tangu walipokuwa vijana. Kusema kungeuondoa utulivu ule wote usoni. Akanyamaza. Alidhani anamhurumia.

Kazi ikaisha. Mkewe akamfuta povu, akamkung'uta kitambaa, akarudi nyuma kumtazama. "Sasa una sura ya mtu mwenye mke," alisema, akachukua ufagio.

Wembe aliinuka. Miguu ilimpeleka mlangoni yenyewe.

"Spiriti ya kupaka wateja imekwisha," alisema, mkono uko kwenye kitasa. "Nakwenda pale kwenye kona. Narudi sasa hivi."

Akasimama. Aliingoja sauti ile. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilitaka swali lile kuliko kitu kingine chochote, na kama lingeulizwa, hata kwa mdomo tu, hata bila jicho, angelijibu kweli.

Mkewe alikuwa ameinama, anakusanya nywele kwenye kizoleo, anaimba kwa pua wimbo usio na maneno. Juu ya kichwa chake, rafuni, chupa ya spiriti ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Hakuitazama, na hakumtazama mumewe.

"Haya," alisema.